Siku ya Mavuno kanisani: mnada, pilau ya watu 300 na kuchangia damu (uzi wa wanaojitolea)

#1 Katibu_wa_Kamati

Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Uzi huu ni wa wanaojitolea kwenye sharika, parokia na makanisa ya mitaani, hasa waliokabidhiwa Siku ya Mavuno. Mfano wetu uwe usharika wa mjini, watu kama 300 wanaobaki baada ya ibada. Mambo makubwa ni matatu: mnada wa mazao, chakula cha pamoja na kuchangia damu. Kila moja peke yake linajulikana. Shida huanza yanapokutana uwanja mmoja, maana watu ni walewale, kivuli ni kilekile na maji ni yaleyale.

Ratiba ipangwe kuanzia mwisho kurudi nyuma. Saa 9 alasiri watu wanaanza kuondoka, mtake msitake, kwa hiyo anzieni hapo. Chakula saa 7 na nusu. Mnada kuanzia saa 6 kasorobo hadi saa 7 na robo. Ibada iishe saa 5 na nusu, maana yake ianze saa 3 kamili asubuhi na siku hiyo iwe moja. Damu ifunguliwe saa 6, ifungwe saa 9. Mkianza kupanga kutoka asubuhi kwenda mbele, kila kitu kitasogea kidogo kidogo na hasara yote itaangukia chakula.

Watu wa zamu: jiko 14, kupakua 12, mnada 7, damu 4, watoto 6, maji na usafi 8. Jumla 51. Kila eneo liwe na mtu mmoja mwenye neno la mwisho na msaidizi wake, majina na namba zao zibandikwe mlangoni pa ofisi. Mchungaji na mwinjilisti wasipewe zamu yoyote. Siku hiyo kila mgeni anawatafuta wao.

Tangazo lisomwe Jumapili tatu kabla na liseme vitu kwa majina. Mjini wengi hawana shamba, wananunua dukani. Mkisema tu "leteni mavuno" mtapokea sukari tupu. Wagawieni: mtaa huu mayai na kuku, ule nafaka, ule matunda na mboga, mwingine mafuta na sabuni. Karibuni muongeze.

#2 Mama_wa_Sufuria

Amen, katibu. Naanza na jiko maana ndiko kunakoharibika mapema.

Watu 300 ni mchele kilo 36. Kilo moja inalisha watu wanane wazima, na wakiwemo watoto wengi inafika kumi. Msipike sufuria moja kubwa. Pikeni tatu za kilo 12 kila moja, sufuria ya kuingia lita 60 na kuendelea. Sufuria kubwa mno chini inashika ukoko, katikati inakuwa bokoboko, juu mchele bado una kiini. Halafu ikiungua, mmepoteza chakula chote.

Kwa kila sufuria ya kilo 12: nyama ya mifupa kilo 12, vitunguu maji kilo 3, vitunguu saumu nusu kilo, tangawizi robo kilo, mafuta lita 2, viazi kilo 4 mkipenda. Bizari nzima gramu 120, mdalasini gramu 60, iliki gramu 30, pilipili manga gramu 30, karafuu gramu 15. Karafuu msiongeze, ikizidi pilau inakuwa chungu na wazee hawataila. Chumvi anzeni na gramu 180, muonje supu kabla mchele haujaingia. Supu iwe na chumvi kidogo kuliko unavyopenda kunywa? Hapana, iwe imezidi kidogo, kwa sababu mchele utainywa chumvi hiyo.

Maji ndiyo mtego. Mchele mpya unakunywa kidogo: kipimo kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha supu. Mchele uliokaa ghalani unafika karibu viwili. Jumamosi chukueni nusu kilo ya mchele uleule walionunua kamati mkaupike, mtajua. Msinunue maduka matatu tofauti mkauchanganya, kwa sababu mmoja utaiva wakati mwingine bado mgumu, na hakuna moto wa kurekebisha hilo.

Vitunguu vikaangwe mpaka viwe kahawia iliyokolea, rangi ya pilau inatoka hapo. Kwa kilo 3 ni nusu saa ya kugeuza bila kuondoka. Anayekaanga asipewe kazi nyingine. Nyama ichemshwe kuanzia saa 2 asubuhi, mchele uingie saa 5 na nusu sufuria ya kwanza, saa 6 kasorobo ya pili, saa 6 ya tatu. Maji yakikauka punguzeni moto chini, wekeni mkaa juu ya mfuniko, subirini dakika 40 bila kufunua kila mara.

Pilau iliyoiva saa 3 asubuhi ikafunikwa mpaka saa 8 ni hatari, hata kama inanukia vizuri. Wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi unaotesha vijidudu, na kuupasha tena hakuondoi sumu vilivyokwisha kutengeneza. Ndiyo maana nasema mchele usiingie mapema.

#3 Kijana_wa_Kwaya

Mama, kachumbari kiasi gani? Na kuni au gesi?

#4 Mama_wa_Sufuria

Mwanangu, nyanya kilo 15, vitunguu kilo 8, ndimu 40, pilipili pembeni kwenye bakuli lake. Vitunguu vikatwe, vioshwe kwa maji ya chumvi, vikamuliwe. Nyanya zikatwe kuanzia saa 6 na nusu, chumvi na ndimu viingie dakika kumi kabla ya kupakua. Mkitia mapema inatoa maji na yote inalowa.

Gesi ya mtungi mkubwa na jiko la chuma la miguu mitatu inafaa, moto unautawala. Ila angalieni mpira na maungio kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha, na mtungi ukae mbali na moto, wima. Kuni zikiwa ndizo mlizo nazo, ziwe kavu na jiko likae upande ambao upepo hauelekei kanisani wala chumba cha damu.

#5 Karani_wa_Mnada

Nakuja kwenye mnada. Watu huona kelele na furaha, lakini mnada ni daftari.

Mapokezi yaanze Jumamosi saa 9 alasiri kwa nafaka, unga, mafuta na vitu vya dukani. Mayai, mboga, matunda na wanyama Jumapili asubuhi kabla ya ibada. Kila kitu kipate namba kwenye kipande cha karatasi ya gundi, na namba hiyohiyo kwenye daftari: namba, kitu, kiasi, aliyeleta. Asiyetaka jina lake liandikwe aheshimiwe, andikeni "mshirika". Nafaka zipimwe upya. Mahindi debe sita ni gunia la kilo 100, lakini debe la mtu mmoja limejaa mpaka kilemba na la mwingine limepunguka, na mnunuzi atalalamika mbele ya watu.

Wanaofanya kazi mezani ni watu watatu wasiobadilishana nafasi: anayenadi, mwandishi, mpokea fedha. Anayenadi hashiki hela hata shilingi. Mwandishi anaandika namba ya kitu, bei iliyofungwa na mnunuzi. Mpokea fedha anakata stakabadhi. Kitu hakitoki uwanjani bila stakabadhi. Wanne waliobaki ni wabebaji wawili, mtu wa wanyama na mtu wa kuangalia stakabadhi njia ya kutokea.

Mpangilio wa vitu una siri yake. Anzeni na vidogo vya bei nafuu: fungu la mchicha, trei moja ya mayai, papai. Watu wa kipato cha chini wapate nafasi ya kununua kabla bei hazijapanda, na watoto pia wafurahi na ndizi zao. Mayai na mboga vitoke ndani ya nusu saa ya kwanza kwa sababu ya jua. Mbuzi na magunia katikati, umati ukiwa umejaa. Keki na kuku mwishoni. Mkiweka mbuzi mwisho, waliokuwa na uwezo wa kumnunua wameshaondoka.

Yule anayenunua halafu anarudisha kitu kinadiwe tena ni baraka, ila muandike mstari mpya kila mara, namba ileile, bei mpya. Msifute ya kwanza. Daftari likifutwafutwa, Jumatatu hesabu haikubali.

Malipo ya simu: tumieni lipa namba ya usharika, si namba ya mtu binafsi. Mpokea fedha asiangalie ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Asubiri ujumbe ufike kwenye simu ya kanisa, ndipo akate stakabadhi. Mtandao ukizidiwa, kitu kiwekwe pembeni na namba yake, mnada uendelee.

#6 Mhazini_Msaidizi

Nakazia hapo kwa Karani. Ahadi ndizo zinazovunja mnada. Mtu akishangiliwa anapandisha bei, jioni anakumbuka ada ya shule. Kwa hiyo ahadi ziwe na daftari lake, zisichanganywe na fedha taslimu, ziwe na tarehe aliyoitaja mwenyewe. Msizisome kanisani kwa majina. Mpigieni mtu faragha.

Kuhesabu kufanyike siku hiyohiyo, watu watatu wasio wa familia moja, mlango umefungwa, kila mmoja anahesabu rundo la mwenzake mara ya pili, wote wanasaini. Benki Jumatatu asubuhi kabla ya shughuli nyingine. Wala msilipe gharama za siku (turubai, gesi, usafiri) kutoka kwenye kapu la mnada. Gharama zitoke bajeti ya usharika kwa hati, mapato yaingie yote benki. Mkilipana kapuni hakuna atakayejua mavuno yalikuwa kiasi gani.

#7 Muuguzi_Mshirika

Naomba kusema juu ya damu kwa urefu kidogo, kwa sababu makosa ya hapa yanaumiza watu.

Kwanza, andikieni Damu Salama (mpango wa taifa wa kukusanya damu) au hospitali inayokusanya damu eneo lenu angalau mwezi mmoja kabla. Wao huja na wataalamu, vitanda, mifuko na masanduku ya baridi. Kanisa linatoa chumba chenye hewa na kivuli, meza nne, viti 20, maji ya bomba au ndoo zenye koki, umeme, na pembe ya faragha ambako mahojiano hayasikiki. Hapo pa faragha msipapuuze. Mtu anaulizwa mambo ya mwili wake na maisha yake. Akihisi jirani anasikia, atadanganya, na uwongo huo unamfuata mgonjwa.

Vigezo vya jumla: umri miaka 18 hadi 65, uzito kilo 50 na zaidi, wingi wa damu usipungue gramu 12.5 kwa desilita. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mjamzito na anayenyonyesha hawachangii. Mfuko ni mililita 450, kuchotwa ni dakika kama kumi, kisha kupumzika dakika 10 hadi 15. Kitanda kimoja kinahudumia watu watatu kwa saa bila haraka. Vitanda vinne kwa saa tatu ni watu 36. Msiahidi 100 kwenye tangazo halafu watu wakae foleni juani.

Pili, chakula. Hapa ndipo ratiba ya katibu ina tundu. Mtu ametoka nyumbani saa 2 asubuhi bila chai, amekaa ibadani saa mbili na nusu, amesimama kwenye mnada juani, halafu analala kitandani achotwe damu. Ataanguka. Anayekuja kuchangia awe amekula ndani ya saa tatu au nne zilizopita na amekunywa nusu lita ya maji muda mfupi kabla. Toeni chai na maandazi mawili kwa kila aliyejiandikisha, mara tu ibada inapoisha.

Tatu, wa jikoni wasichangie kabla ya zamu yao kuisha. Baada ya kutoa damu, mkono ule haunyanyui mzigo siku nzima, na kizunguzungu mbele ya sufuria ya lita 60 inayochemka ni janga. Wabebaji wa magunia vilevile.

Nne, na hili nawaomba sana. Katika kila watu kumi wanaojitokeza kuna ambao watarudishwa: shinikizo la damu limepanda, wingi wa damu uko chini, anatumia antibayotiki, uzito haufiki. Mlango ukiwa mmoja, walioketi nje wanaona nani ameingia na kutoka baada ya dakika tano bila plasta mkononi. Jioni mtaa mzima unasema ana virusi. Ni uwongo mtupu, maana vipimo vya VVU, homa ya ini B na C na kaswende hufanywa baadaye kwenye maabara, si pale kanisani. Lakini maneno yakishatoka hayarudi. Dawa yake ni rahisi: mlango wa kuingilia uwe mmoja na wa kutokea mwingine, na kila aliyeingia, aliyechangia na asiyechangia, apite meza ileile ya soda na biskuti, akae dakika zilezile. Wanaojitolea mezani wasiulize "umetoa?" Wampe soda, basi.

#8 Jumuiya_ya_Mtaa

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tunagawa kazi kwa jumuiya ndogondogo, na nashauri hata kwenye sharika mtumie mitaa yenu vivyo hivyo. Mtu mmoja mmoja akipewa zamu na akaugua, pengo linabaki. Jumuiya ikipewa "kupakua", inajaza yenyewe nafasi ya mgonjwa wake, hampigiwi simu.

Kupakua: foleni moja yenye watu wanne, wa pilau, nyama, kachumbari na tunda, inahudumia watu watano kwa dakika. Foleni tatu ni watu 300 kwa dakika 20. Pimo liwe bakuli moja la ukubwa uleule kwa foleni zote, la sivyo watu watahama foleni. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wapelekewe walipoketi kabla foleni hazijafunguliwa. Wekeni akiba sahani 15 za watakaokuwa chumba cha damu wakati huo, na hotipoti mbili za wagonjwa wasioweza kuja. Hizo zitoke jikoni za kwanza kabisa, si mabaki.

Ndoo ya kunawia yenye koki moja kwa watu 50, sabuni imefungwa kwa kamba. Maji ya kunywa madumu 10 ya lita 20, na joto la Dar likiwa kali ongezeni mawili.

#9 Mhazini_Msaidizi

Muuguzi, nina wasiwasi na mnada kukutana na damu. Mbuzi wakianza kunadiwa chumba cha damu kinabaki kitupu, wataalamu wanakaa bure. Si bora damu iwe Jumapili nyingine?

#10 Muuguzi_Mshirika

Ningeitetea siku hiyohiyo. Wanafunzi wa sekondari ni kundi kubwa la wachangiaji, na shule zikifungwa akiba ya damu inashuka. Makanisa yana watu wazima walewale kila wiki, na Siku ya Mavuno ndiyo wanafika wengi. Chembe nyekundu hukaa siku 35 hadi 42 tu kwenye jokofu, kwa hiyo haifai kungoja msimu.

Tatizo lako linatatuliwa kwa kadi. Wajiandikishe Jumapili iliyotangulia, kila mmoja apewe kadi yenye saa: 12 wa saa 6, 12 wa saa 7, 12 wa saa 8. Wa saa 6 wanakunywa chai baada ya ibada na wanaingia moja kwa moja. Wa saa 8 ndio wenye hali nzuri kuliko wote, wameshakula pilau na mnada umekwisha. Anayetaka kununua mbuzi achague kadi ya saa 8.

#11 Mwalimu_wa_Jumapili

Watoto wametajwa kwa mstari mmoja, naongeza. Siku kama hii kuna moto, magari ya kubeba magunia na wageni wengi. Watoto wa chini ya miaka 10 wawe kwenye chumba au turubai lao, na waandikishwe jina, mzazi, namba ya simu, na nani ataruhusiwa kuwachukua. Watu wazima wawili wakati wote, asiwepo mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, hata kumpeleka chooni. Mtoto hakabidhiwi kwa "mjomba" asiyeandikwa, hata akiwa anamfahamu. Wapewe chakula saa 7 kamili, nusu saa kabla ya wakubwa, kwa sahani zao. Hilo linapunguza foleni, na pilau yao isiwe na pilipili.

#12 Mtunza_Vyombo

Vyombo vya kukodi vihesabiwe mbele ya mwenye navyo wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha, na waliotoa vyombo vyao vya nyumbani waweke alama ya rangi ya kucha chini ya sufuria. Sahani zikipungua ni kwa sababu watu wanabeba chakula nazo kwenda nyumbani, kwa hiyo wekeni vifuko mezani kuanzia saa 8. Maji ya kuoshea beseni tatu: la sabuni, la kusuuza, la moto. Ukoko wa sufuria umwagiwe maji mara tu pilau inapokwisha. Mkiuacha ukauke, vijana watakwangua mpaka saa 1 usiku.

#13 Kijana_wa_Kwaya

Na mvua?

#14 Karani_wa_Mnada

Nafaka zote zikae juu ya mbao tangu Jumamosi, hata kama anga ni safi. Mvua ikija, mnada unaingia ukumbini au kanisani nyuma, wanyama wanabaki chini ya paa la nje na wananadiwa kwa namba tu. Jiko ndilo lisilohama, kwa hiyo turubai la kwanza kusimikwa Jumamosi ni la jikoni, juu kiasi cha kutoshika moto, miteremko yake ikielekea mbali na majiko.

#15 Katibu_wa_Kamati

Nimewasoma wote, nimerekebisha. Chai na maandazi ya wachangiaji wote waliojiandikisha saa 5 na nusu. Damu kwa kadi za saa 6, 7 na 8, milango miwili. Mnada saa 6 kasorobo, mbuzi wananadiwa saa 6 na nusu. Watoto wanakula saa 7, wazee saa 7 na dakika 20, foleni tatu saa 7 na nusu. Wapishi na wabebaji wanaotaka kuchangia wataandikwa orodha ya pembeni na kupelekwa kituo cha damu katikati ya wiki. Turubai la jiko Jumamosi mchana. Kuhesabu fedha saa 9.

Ratiba hii ni ya ibada moja. Wenye sharika za ibada mbili au tatu, ambako kundi la kwanza linatoka wakati la pili linaingia, wekeni yenu hapa chini, hiyo bado hatujaigusa.